Ikweta haimo kwenye faneli, imo kwenye kivuli: jinsi ya kujipimia mwenyewe

Ukitoka Kampala kwenda Masaka, baada ya kilomita 72 hivi unafika Kayabwe, na hapo magari mengi husimama. Kila upande wa barabara kuna pete kubwa nyeupe ya zege, na watu hupigwa picha wakiwa ndani yake, mguu mmoja kaskazini mwa dunia na mwingine kusini. Hatua chache kando yupo mtu mwenye maji na faneli tatu. Anamimina maji kwenye ile ya kaskazini, anatupia ua dogo, ua linazunguka. Anamimina kwenye ile ya kusini, ua linazunguka kinyume chake. Kwenye ile iliyo juu ya mstari, ua linashuka moja kwa moja. Watoto wanashangilia, na wakifika nyumbani wanauliza swali la haki kabisa: ikweta inayazungushaje maji?

Haiyazungushi. Nalisema hili mapema kwa sababu swali hilo huwafikia wazazi na walimu, na wengi hujibu kwa kurudia walichoonyeshwa barabarani. Inasikitisha, kwa kuwa ikweta ina mambo yake ya kweli, makubwa kuliko maji ya faneli, na mtoto wa Kampala, Masaka au Kasese anaweza kuyaona uani kwao kwa fimbo na uzi tu. Mtoto wa London hawezi, maana jua halimsimamii utosini hata siku moja maishani mwake. Sisi linatusimamia mara mbili kila mwaka.

Tuanze na fimbo. Maji yatafuata.

Vifaa

Tafuta fimbo nyoofu ambayo ikishasimikwa itabaki na urefu wa mita 1 kamili juu ya ardhi. Ipime wima wake kwa timazi, yaani uzi uliofungwa jiwe, kutoka pande mbili. Fimbo ikiinama hata kidogo, vipimo vyote vitakuwa vya uongo. Ardhi nayo iwe sawa. Fundi mwashi yeyote atakuazima pimamaji. Ukimkosa, laza chupa angavu iliyojaa maji nusu, kisha tazama kama maji yamelala sawa na ubavu wa chupa. Futikamba, penseli na kibao cheupe cha kulaza chini vinatosha kumaliza orodha.

Kuna tatizo moja utakalokutana nalo dakika ya kwanza: ncha ya kivuli haikatiki vizuri, inafifia. Si macho yako. Jua si nukta, ni duara lenye upana wa nusu digrii angani, kwa hiyo kwa fimbo ya mita 1 ukingo wa kivuli unasambaa karibu sentimita 1. Dawa yake ni kubandika juu ya fimbo kipande cha karatasi ngumu chenye tundu dogo kama la risasi ya penseli. Badala ya ncha ya kivuli utapata kidoa cha mwanga cha mviringo. Hicho kidoa ni picha ya jua lenyewe. Pima hadi katikati yake, ukianzia mahali timazi linapogusa chini likishushwa kutoka kwenye tundu, si kwenye shina la fimbo.

Usilitazame jua kwa macho, wala kwa darubini. Kazi yote inafanyika ukiwa umeinamia chini.

Hatua ya kwanza: adhuhuri ya kweli ni saa ngapi?

Wengi hukaa tayari saa 6 mchana, na hapo ndipo wanapokosea. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari ambao haugusi hata Kenya. Unapita Somalia. Kampala iko digrii 32.6. Dunia hugeuka digrii 1 kila dakika 4, na tofauti ya digrii 12.4 inaleta dakika 50. Hivyo jua la Kampala hufika katikati ya safari yake yapata saa 6:50 mchana, si saa 6. Ndiyo maana adhana ya adhuhuri mjini Kampala husikika karibu na saa 7: waadhini wanangoja jua lipinduke, na jua halijali saa ya ukutani.

Kwa hesabu hiyo hiyo, Moroto jua hupinduka wastani wa saa 6:41, na Arua saa 6:56. Nchi moja, saa moja ya mkononi, lakini jua la Arua liko nyuma ya la Moroto kwa robo saa. Mwenye ndugu Mombasa anayefuturu huku akizungumza naye kwa simu anajua kwamba kule Magharibi huingia karibu nusu saa kabla ya Kampala. Sababu ni hiyo hiyo.

Nimesema wastani, na lazima nieleze, kwa sababu hapa watu wengi makini hukwama. Usiku na mchana wetu karibu havibadiliki urefu: mchana wa Kampala ni saa 12 na dakika 7 hivi mwaka mzima. Zile dakika za ziada zinatokana na hewa kupinda mwanga, na pia kwa sababu tunahesabu machweo pale ukingo wa mwisho wa jua unapozama. Hata hivyo machweo yenyewe yanasogea. Mwanzoni mwa Novemba jua huzama Kampala yapata saa 12:37 jioni. Katikati ya Februari ni saa 1:07 usiku. Mchana haukurefuka, umesukumwa wote mbele, maana macheo nayo yamechelewa. Dunia hailizunguki jua katika duara kamili wala kwa mwendo uleule mwaka mzima, na mhimili wake umeinama. Mambo hayo mawili yakijumlishwa, jua halisi linaitangulia saa ya mkononi kwa dakika 16 mwezi wa Novemba, na linachelewa kwa dakika 14 mwezi wa Februari. Kwa hiyo adhuhuri ya kweli ya Kampala hutangatanga kati ya saa 6:33 na saa 7:04.

Huna haja ya kukariri. Kuanzia saa 6:20 weka alama kwenye kidoa kila baada ya dakika 5 hadi saa 7:20. Alama iliyo karibu zaidi na fimbo ndiyo adhuhuri yako.

Hatua ya pili: kaskazini iko wapi?

Simu zina dira, lakini dira ya simu hudanganywa na mabati, nondo za ukutani na gari lililoegeshwa karibu. Fimbo haidanganywi. Chora duara ukiweka kitovu chini ya tundu, liwe kubwa kiasi kwamba kidoa cha asubuhi, mnamo saa 4, kinaangukia nje yake. Kidoa kitakapoingia kwenye mstari wa duara asubuhi, weka alama. Kitakapotoka upande wa pili alasiri, weka nyingine. Unganisha alama hizo mbili: huo ni mstari wa magharibi na mashariki. Uupige kati, uuunganishe na kitovu, umepata kaskazini na kusini ya kweli. Siku za karibu na tarehe 21 Machi au 23 Septemba njia hii haifai, lakini pia haihitajiki, kwa sababu siku hizo kidoa hutembea karibu katika mstari mnyoofu kutoka magharibi kwenda mashariki, na mstari huo unatosha.

Kwa wanaotafuta kibla: Kampala ni digrii 18 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Iko njia nyepesi zaidi, isiyohitaji kupima pembe. Mara mbili kwa mwaka jua husimama juu kabisa ya Kaaba, tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana na tarehe 16 Julai saa 6:27 mchana. Mwaka mrefu wa siku 366 huwa siku moja kabla. Saa za Makka na za Uganda ni sawa, kwa hiyo hakuna cha kugeuza. Dakika hiyo, kivuli cha kitu chochote kilichosimama wima kinaelekea kinyume cha kibla. Ukitoka ncha ya kivuli ukarudi kwenye fimbo, unaelekea Makka.

Hatua ya tatu: soma kivuli cha adhuhuri

Hapa ndipo ikweta inapojitokeza yenyewe. Pima umbali wa kidoa cha adhuhuri kutoka kitovu, na uandike kimelala upande gani.

Mwishoni mwa Juni, Kampala, fimbo ya mita 1 inatoa kivuli cha sentimita 43 kuelekea kusini. Mwishoni mwa Desemba inatoa sentimita 44 kuelekea kaskazini. Ulaya kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima. Chetu kinavuka. Katika kuvuka huko, ipo siku kinatoweka chini ya fimbo, na hiyo ndiyo siku ya jua la utosi. Kayabwe ni tarehe 20 au 21 Machi, na tena tarehe 22 au 23 Septemba. Kampala iko kaskazini mwa mstari kwa kilomita 35 tu, hivyo jua hulifikia jiji siku moja hivi baadaye mwezi Machi, na hulirudia siku moja kabla mwezi Septemba. Kabale, iliyo kusini, hupata jua lake la utosi yapata tarehe 17 Machi na 26 Septemba. Gulu ni yapata tarehe 28 Machi na 15 Septemba.

Linganisha sasa kivuli cha Juni na cha Desemba. Vingekuwa sawa kabisa ungekuwa juu ya ikweta. Kampala vinatofautiana kwa sentimita 1. Gulu vinatofautiana sana: sentimita 38 mwezi Juni, 49 mwezi Desemba. Kabale ni kinyume, cha Juni ndicho kirefu, 46 kwa 41. Kwa hiyo mtu akipelekwa mahali asipopajua, bila simu wala ramani, lakini akapewa fimbo na subira ya nusu mwaka, ataweza kusema ikweta iko upande gani na iko mbali kiasi gani.

Kipimo hiki kina faida ya nyumbani pia. Ukijenga, jua kwamba ukuta wa kaskazini hupigwa na jua miezi ya katikati ya mwaka na ukuta wa kusini hupigwa karibu na Krismasi, hivyo pande zote mbili zinataka upenu. Ila adui mkubwa ni ukuta wa magharibi, unaochomwa kila alasiri bila kupumzika, na mti wa kivuli ningeupanda huko kabla ya kwingine kokote. Paneli ya sola kwetu haihitaji kuinamishwa sana kama vitabu vya Ulaya vinavyoelekeza. Iwe karibu kulala, lakini iachiwe mteremko wa digrii 10 hivi ili mvua ioshe vumbi.

Mvua zenyewe zinalifuata jua. Likisimama utosini linachemsha ardhi, hewa yenye unyevu inapanda, na wiki chache baadaye mawingu yanafunguka. Ndiyo sababu kusini mwa Uganda kuna masika mara mbili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Kaskazini mambo huungana kuwa msimu mmoja mrefu, kwa sababu katikati ya mwaka mkanda wa mvua unakuwa umehamia upande wao.

Hatua ya nne: maji

Lile linalosemwa kuhusu faneli limeazimwa kutoka kwenye jambo la kweli. Dunia ikigeuka, aliyeko Kayabwe anabebwa kwenda mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Aliyeko Kairo anabebwa kwa 1,450 tu, kwa kuwa duara la dunia huko ni dogo. Upepo ukiondoka ikweta kuelekea kaskazini unaondoka na kasi yake ya mashariki, kwa hiyo unaitangulia ardhi inayopita chini yake, nasi tunauona umepinda kulia. Kusini mwa ikweta hupinda kushoto. Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis aliandika hesabu za nguvu hii mwaka 1835, na ndiyo inayozungusha vimbunga. Kimbunga Idai kilichoipiga Beira, Msumbiji, mwezi Machi 2019 kilizunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa, kama vimbunga vyote vya kusini. Vya kaskazini huzunguka kinyume.

Lakini kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita na hudumu kwa siku kadhaa. Faneli ina upana wa kiganja na hudumu kwa sekunde. Tena nguvu hii hupungua kadiri unavyoisogelea ikweta, na juu ya mstari wenyewe haipindishi kitu kulia wala kushoto. Ndiyo maana vimbunga karibu havizaliwi ndani ya digrii 5 za ikweta, na Uganda yote imo humo. Ukisogea mita 20 kutoka kwenye mstari, nguvu unayoipata ni kama sehemu 3 kati ya milioni 1 ya ile iliyoko kwenye ncha ya dunia. Hakuna ua linaloweza kuihisi.

Imewahi kuonekana kwenye maji? Ndiyo. Mwaka 1962 Ascher Shapiro, wa chuo cha MIT Marekani, alijaza tangi la upana wa karibu mita 1.8, akaliacha maji yatulie saa 24, akafungua tundu dogo katikati. Maji yakazunguka kinyume cha mshale wa saa, kama hesabu ilivyotaka. Miaka mitatu baadaye wenzake wa Sydney walifanya vivyo hivyo, yakazunguka upande wa pili. Huko ni mbali na ikweta, zaidi ya digrii 30. Nguvu hiyo ukiwa Kampala ni chini ya sehemu 1 kwa 100 ya ile aliyokuwa nayo Shapiro.

Jaribu nyumbani. Chukua beseni pana la plastiki, toboa tundu dogo katikati ya kitako, liwekee kizibo kinachovutwa kutoka chini. Liweke juu ya matofali, ndani, mbali na upepo, ujaze maji na ulifunike usiku kucha. Asubuhi lifunue polepole, weka vipande viwili vya jani, kisha vuta kizibo bila kugusa beseni. Rudia siku nyingine, na nyingine tena. Yatazunguka mara kulia mara kushoto, kufuata mtikisiko wowote uliobaki. Kisha fanya jaribio linalofundisha zaidi: jaza upya, koroga kwa kidole mara moja tu kuelekea kushoto, subiri dakika chache hadi maji yaonekane yametulia, vuta. Yatazunguka kushoto. Koroga kulia, yatazunguka kulia. Maji hukumbuka mkono ulioyagusa muda mrefu baada ya macho kuona yametulia.

Sasa nenda Kayabwe ukaangalie mkono. Maji yakimiminwa kwenye ukingo wa kulia wa faneli yanaanza kuzunguka upande mmoja. Kwenye ukingo wa kushoto, upande mwingine. Yakimiminwa katikati na kuachwa kidogo, yanashuka bila kuzunguka. Mwonyeshaji anatafuta riziki yake, na pengine mwenyewe anaamini alivyofundishwa, kwa hiyo mlipe, mshukuru, halafu mwombe kwa adabu: “Ssebo, naomba nimimine mimi mara moja, kwa upande huu.” Utageuza mzunguko bila kuhama hata hatua moja.

Ukiwa hapo watakuuliza pia kuhusu uzito. Ni kweli kwamba kwenye ikweta kitu ni chepesi kuliko kwenye ncha za dunia, kwa nusu asilimia hivi, kwa sababu dunia imetuna kiunoni na inageuka. Ila badiliko hilo linaenea kwenye safari nzima ya kilomita 10,000. Hatua moja kuvuka mstari haipunguzi kitu. Na joto? Joto la ikweta halitokani na kuwa karibu zaidi na jua. Jua liko kilomita milioni 150, upana wote wa dunia si kitu mbele ya umbali huo. Ni kwa sababu mwanga unatuangukia karibu wima, haujatandazwa. Ukitaka uthibitisho kwamba latitudo peke yake haitoshi, tazama Rwenzori: kilele cha Margherita, mita 5,109, kina barafu, na hakifiki hata digrii 1 kutoka ikweta.

Hatua ya tano: pima dunia nzima

Hii inataka watu wawili, mmoja Gulu na mwingine Kabale, siku moja karibu na tarehe 20 Machi, kila mmoja akiwa na fimbo yake ya mita 1. Mtaalamu wa Kigiriki, Eratosthenes, alifanya kama hivi Misri, kati ya Aswan na Aleksandria, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Kila mmoja apime kwenye adhuhuri yake mwenyewe, siyo kwa saa moja: Gulu yapata saa 6:58, Kabale yapata saa 7:08. Wa Gulu ataona kivuli cha karibu sentimita 4.8 kuelekea kaskazini, wa Kabale karibu 2.2 kuelekea kusini. Gawanya kila kimoja kwa 100, zidisha kwa 57.3, upate pembe: digrii 2.75 na 1.26. Vivuli vimelala pande tofauti, kwa hiyo jumlisha. Ni digrii 4, yaani sehemu 1 kati ya 90 za duara.

Umbali usiuchukue kwenye barabara, barabara zinapinda, na Kabale iko magharibi zaidi ya Gulu. Chukua ramani ya karatasi, pima kwa rula kutoka usawa wa Kabale kwenda juu hadi usawa wa Gulu, wima tu, kisha tumia kipimio cha ramani. Ni kilomita 446 hivi. Zidisha kwa 90, unapata 40,140. Mzingo wa dunia kupitia ncha zake ni kilomita 40,008.

Msitegemee kuukaribia hivyo mara ya kwanza. Kosa la milimita 2 kila upande linaweza kuwatupa zaidi ya kilomita 2,000. Tundu likiinuliwa hadi mita 2 kosa linapungua nusu, mkumbuke tu kugawanya kwa 200 badala ya 100. Na mawingu ya Machi yakiziba Kabale huku Gulu kukiwa kweupe, vipimo vya siku hiyo vyote vitupwe, maana mwezi huo kivuli cha adhuhuri husogea karibu milimita 7 kutoka siku moja hadi inayofuata. Pigianeni simu mapema, mjaribu tena kesho.